Jicho na Vipira Visivyoonekana

Nje ya kibanda cha fundi saa palikuwa na benchi, na kwenye benchi hilo hakukosekana mtaalamu wa kila jambo isipokuwa la kazi yake. Saa ya ukutani ya fundi mwenyewe ilikuwa imelala tangu mvua za mwaka jana. Fundi huyo walimwita Jicho, kwa ile lenzi aliyoibana kwenye jicho la kulia hata akienda kununua mkate.

Asubuhi hiyo Nusu Habari, fundi baiskeli asiyewahi kusikiliza taarifa mpaka mwisho, alikuja anahema.

"Jamani, redio imesema! Chanjo za siku hizi zina vipira vya mafuta, vidogo mno, mamia vikipangwa foleni havifikii upana wa unywele! Vinaingia mwilini vimebeba maagizo!"

"Maagizo ya nani?" Jicho akaruka.

"Hapo ndipo nilipozima."

Jicho akapiga paja. "Si niliwaambia? Mimi nisichokiona sikikubali. Hata mwizi huacha nyayo!"

"Mapenzi ya mkeo uliyaona?" akauliza Mama Birika, muuza kahawa, huku akimimina. "Mbona ulioa?"

Benchi likacheka. Jicho hakucheka. Binti yake alikuwa amejifungua kabla ya miezi kutimia, na daktari akasema kuna kirusi cha kifua ambacho kwa mtu mzima huweza kuwa mafua tu, lakini kwa kichanga yule ni hatari tupu. Binti akapitisha sheria: babu asiyechanjwa abaki dirishani. Basi Jicho alimjua mjukuu wake kupitia kioo, kama saa ya bei iliyofungiwa kabatini. Benchini, kukataa kwake chanjo alikuita msimamo. Moyoni alijua ni woga wa sindano.

Mara akatokea Pasi, dobi ambaye shati lake halijawahi kunyooka, ameshika mkono.

"Nimeshachanjwa mwenzenu!"

"Kaa hapa!" Jicho akamvuta. "Usipafute! Lazima viko juujuu bado." Akainama, lenzi jichoni, pua ikigusa mkono. "Tulia... Naona ngozi. Naona uchafu. Dobi, wewe huogi?"

"Tazama ulichokuja kutazama!"

"Naona... Lahaula! Kina miguu! Kina miguu sita, kinanijia!"

Nusu Habari, aliyekuwa ameketi ncha ya benchi, hakuuliza miguu ya nini, akatimua mbio. Uzito wake ndio uliokuwa ukishikilia benchi, likainuka upande mmoja, Pasi akabiringika chini akilia, "Nikateni mkono! Nikateni kabla hakijafika shingoni!" Na Jicho, bingwa wa kutoogopa asichokiona, alikuwa amejificha nyuma ya sketi ya Mama Birika.

Mama Birika akamnyofoa lenzi jichoni, akaipuliza. Sisimizi akaanguka kwenye meza ya kahawa, akashika njia ya kwenye sukari bila haraka yoyote.

"Haya, mabingwa wa dunia. Mmepigwa vita na sisimizi, na ameshinda."

"Mimi sikukimbia," Nusu Habari akasema kutoka ng'ambo ya barabara.

"Kitendawili!" Mama Birika akawaita.

"Tega," wakajibu kwa sauti za wagonjwa.

"Tarishi wangu haonekani. Humpa mlinzi sura ya mwizi, kisha hutoweka."

"Mke wa jirani yangu," akajaribu Pasi.

"Nipeni mji."

"Chukua mji wote, dada," akasema Jicho. "Sisi tumeshindwa kuutumia."

"Nimekwenda mjini, nikachukua wenye akili wote, ndiyo maana mmebaki nyinyi. Ni hivyo vipira! Vinaupa mwili maagizo ya kutengeneza kipande kimoja tu cha kirusi, askari wa mwili wakaikariri sura yake, kisha vyenyewe huyeyuka. Mwizi mwenyewe akija, anajulikana. Tena wapo wanaojaribu vidude kama hivyo vibebe dawa mpaka kirusi kilikojificha. Redio ni ileile, ila mimi sikuizima."

Jicho akawa anaifuta lenzi yake, anaifuta, anaifuta.

"Dada," akasema, "jana mjukuu amefumbua macho. Nimehadithiwa. Nilipofika dirishani alikuwa ameshayafumba."

Mama Birika akafunika birika, wakaondoka wote kumsindikiza akachanjwe.

Zahanati, Jicho akakunja mkono wa shati, akageuza uso ukutani. Akapiga ukunga, wagonjwa wa koridoni wakasimama.

"Baba," nesi akasema, "hiyo ni pamba."

Sindano yenyewe hakuisikia. Akainuka, kifua mbele. "Basi mimi huyoo, nakwenda kumbeba!"

"Taratibu, baba. Mwili haujifunzi leo kwa leo. Ngoja kama wiki mbili, kinga ikomae."

Pasi akakuna kichwa.

"Kwani huu ubishi wetu tuliuanza lini?"

"Siku aliyozaliwa mtoto," akasema Nusu Habari. "Hii wiki ya tatu."

"Yaani tungefunga midomo siku ile, leo Jicho..."

"Usiniongezee," Jicho akamkata. Akasimama pale na pamba yake mkononi, akawatazama wenzake mmoja mmoja, kwa macho matupu, bila lenzi. Kisha akaanza kucheka, cheko la mtu aliyejikwaa kwenye kizingiti chake mwenyewe.

"Twendeni dirishani sote," akasema. "Ajue mapema watu wa kutowasikiliza."