Bitutu Haolewi Kabla Hamjafika Kwetu

Lorna Nyamoita,
Sironga, Nyamira.

Kwa Mhariri Mkuu,
Jarida la Katuni la Tiara,
Nairobi.

Ndugu Duncan,

KUH: HARUSI YA BITUTU, AMBAYO SIKUIANDIKA MIMI

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa umelala vizuri. Mimi sijalala vizuri tangu Mose aanze kumea meno, kwa hivyo mahali utakapoona nimekuwa mkali, tafadhali gawanya: nusu ni yako, nusu ni ya meno. Naandika huku amelala mgongoni mwangu, na ninaandika nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa tu anajua.

Nimepokea kwa simu picha za toleo lijalo, ambamo Bitutu anaolewa na Kapteni Povu kando ya bahari. Ndugu Duncan, mimi ndiye mwandishi wa Bitutu. Nimemwandika tangu toleo la kwanza kabisa. Hata hivyo habari za harusi yake nimezipata kama mtu wa kupita njia.

Kwa wale wageni hapo ofisini watakaosomewa barua hii, Bitutu ni msichana wa Nyamira anayechuma chai, na kikapu chake hakijai. Anaweza kutia ndani mwizi, lori, mto uliofurika, hata chifu akizidi, kisha anatembea nacho mpaka kituo cha kupimia majani kana kwamba amebeba leso. Kapteni Povu naye ni yule mwanamume wenu mwingine anayeruka angani akitoa povu viganjani, ambaye mlimleta ili watoto wapende sabuni.

Nilipokupigia ulinijibu hivi, na nanukuu: "Madam Lorna, usijali sana, huyo ni katuni tu. Na ni mali ya kampuni, ulitia sahihi." Ni kweli nilitia sahihi. Sikatai. Siku hiyo nilikuwa nimembeba Mose akiwa bado mchanga, kiti kilikuwa kimoja na wewe ulikuwa umekikalia. Lakini ninayo malalamiko, na nimeyapanga kwa namba ili yasikuchoshe, maana najua una kazi nyingi ya kuoza watoto wa watu.

1. JINA. Kwetu Gusii jina la mtu hupewa mtoto baada ya mwenye jina kufariki, ili asipotee. Bitutu alikuwa nyanya yangu wa Nyamache, mama ya baba yangu, na ndiye aliyenilea. Nilikuwa nimeweka nia kwamba msichana wangu wa kwanza ataitwa Bitutu. Mungu akanipa Jethro. Nikasema sawa, wa pili. Akanipa Mose. Daktari akanitazama akaniambia, "Mama, hapa tumefika." Basi jina likabaki bila mwenyewe, nami nikampa yule msichana wa kwenye karatasi.

Toleo la kwanza lilipotoka nililipeleka Nyamache kwa baba mdogo Manasseh, ambaye ni kitinda mimba wa nyanya. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Akavua kofia. Akasema, "Mama amerudi." Halafu akasema, "Lakini mbona amekonda hivi? Huko Nairobi hamumpi chakula?" Kesho yake alinifuata mpaka Sironga na kuku wa kumkaribisha. Kuku huyo yuko hapa kwangu na anataga vizuri. Sasa niambie, Ndugu Duncan, mtu ambaye ameletewa kuku anakuwaje katuni tu?

Katika picha zenu kasisi anatamka, "Kuanzia leo utaitwa Malkia Povu." Na jalada la toleo linalofuata limeandikwa Malkia Povu, kwa rangi ya waridi. Bitutu hayuko mahali popote. Nimetafuta hata kwa zile herufi ndogo za chini.

2. TARATIBU. Hakuna mshenga aliyekuja. Sisi tuna mtu tunayemwita esigani, ambaye kazi yake ni kuzunguka akiuliza kuhusu ile familia nyingine: je, wanapigana? Wanalima? Kuna mtu wao aliyewahi kuonekana akikimbia uchi usiku? Kuhusu Kapteni Povu hakuna aliyeuliza hata swali moja. Siku ambayo hakuna uchafu, anafanya kazi gani? Akiruka, nani anabaki na boma? Na mama yake yuko wapi? Mama mkwe wangu, Mong'ina, ambaye hasomi Kiswahili lakini picha anazisoma kukushinda, alifunua kurasa zote za Kapteni Povu akazirudisha mezani. "Mwanamume asiye hata na shangazi wa kumkemea," akasema, "huyo mpe maji anywe, aende zake."

Halafu kuna ng'ombe. Katika harusi yote sikuona ng'ombe. Nilitafuta mpaka nyuma ya minazi. Niliona pomboo wawili wakipiga makofi, na sijui kama huko kwenu wanahesabika.

Jambo hili limeleta shida nyumbani. Baba mdogo Manasseh anasema mahari ikija iende Nyamache, kwa kuwa Bitutu ni wa kwao. Mama mkwe anasema msichana amezaliwa Sironga, juu ya meza yake, chini ya taa yake, kwa hivyo ng'ombe wafungwe hapa. Walikutana kwa mazishi juzi, mmoja akatazama migomba na mwingine akatazama barabara. Mimi niko katikati. Na bado sijathubutu kumkumbusha baba mdogo kwamba atakuwa anapokea mahari ya mama yake mwenyewe.

3. MAMBO YA ZAMANI, ambayo nilinyamazia, lakini kwa kuwa tumeanza acha tumalize.

(a) Nilimwandikia Bitutu gambuti. Mkamchora na viatu vya kisigino kirefu. Ndugu Duncan, nakualika uje ushuke mteremko wa hapa kwetu na viatu hivyo, asubuhi, mvua ikiwa imenyesha. Tutakungoja kule chini.

(b) Ndizi zenu zimening'inia zikitazama chini kama popo. Ndizi zikiwa kwa mgomba hutazama juu. Jethro ana miaka mitano na aliona mara moja. Aliniuliza kama hao watu wa Tiara hununua ndizi zikiwa zimekatwa, nikamwambia uwezekano ni mkubwa.

(c) Mlimchora akichuma chai Jumamosi. Mngeandika tu "siku moja", lakini hapana, mkaweka kalenda ukutani. Sisi ni Wasabato. Mzee wa kanisa, Abner, alinisimamisha mlangoni akanishika mkono bila kuuachilia. "Dada Lorna, huyu binti yenu ameanza kuteleza?" Nikamwambia ni ofisi ya Nairobi iliyofanya hivyo. Akaniuliza, "Na hiyo ofisi inasali wapi?" Nakuuliza kwa niaba yake.

4. MKATABA. Mliniambia niusome, nami nimeusoma, Mose akiwa titini. Kipengele cha saba kinasema kampuni inamiliki "mhusika, jina lake, sura yake, nguvu zake na jamaa zake wote". Nikampigia baba mdogo Manasseh nikamsomea. Akaniomba nikirudie polepole.

"Kwa hivyo mimi ni wa kampuni?" akauliza.

Nikamwambia kwa maandishi yalivyo, inaonekana hivyo.

Hakukasirika, Ndugu Duncan. Aliuliza kama kampuni inatibu magoti. Sasa ninavyokuandikia amefunga begi, amevaa koti, na ametangaza sokoni Nyamache kwamba amepata kazi Nairobi kwa watu wa magazeti. Naomba mtume gari. Ni mtu mtulivu, ila hali vitunguu na hupenda kuulizwa maoni yake kuhusu mambo ya nje ya nchi. Mke wake anawashukuru sana na anasema msimrudishe kabla mahindi hayajapaliliwa.

Baada ya kuweka simu chini nikaendelea kufikiri. Ikiwa jamaa wa Bitutu ni mali yenu, basi nami ni mali yenu, kwa sababu ni nyanya yangu. Na mimi nikiwa mali yenu, Mose ni wenu, pamoja na meno yake yote, yaliyotoka na yatakayotoka. Kwa hivyo natarajia mpange zamu. Ofisi yenu ina watu wengi, na mkigawana vizuri kila mmoja atambeba kidogo tu. Hapendi kubebwa upande wa kulia. Akilia mwimbieni, lakini si wimbo wa sabuni. Jethro pia ni wenu, na viatu vyake vya shule vimefungua midomo. Mume wangu Duke si damu ya Bitutu, kwa hivyo huyo nitabaki naye.

5. Hili la tano si lalamiko, na nilikuwa nimeamua nisiliandike.

Nyanya alikuwa akinitia kwenye kikapu chake asubuhi za baridi, mimi na majani, ananibeba mgongoni huku anachuma. Nilikuwa naona anga tu na skafu yake. Alikuwa na shida nyingi, nilikuja kuzijua nikiwa mkubwa. Wakati ule sikujua, kwa sababu kila kitu kiliingia mle kikapuni na hakuna aliyemsikia akisema ni kizito. Nguvu ya Bitutu sikuitunga. Niliikumbuka tu.

Juzi Jethro alizitazama hizo picha za harusi mara mbili, akaniuliza, "Mama, kikapu chake amemwachia nani?" Nikaenda kutazama tena. Ni kweli. Mmempa shada la maua, mmempa taji, mmempa pomboo, na kikapu hakipo. Nikamwambia mtoto akalale. Nilijifanya nakunja nguo.

Kwa hivyo ninaomba jina lake libaki. Hayo mengine yote, hata viatu, tunaweza kukaa chini tukazungumza. Lakini mkimwita Malkia Povu, huyo nyanya hana mtu mwingine wa kubeba jina lake.

Ningependa pia, kwa heshima, nikukumbushe kanuni moja ambayo ningedhani inajulikana hata Nairobi. Mhusika wa mtu mwingine haguswi bila mwenyewe kuulizwa. Haijalishi una haraka kiasi gani, wala mkataba unasema nini. Yule aliyemtunga ndiye anayejua analala upande gani, anaogopa nini, na kwa nini hacheki. Mtu anayemchukua mhusika wa mwenzake na kumgeuzageuza apendavyo ni kama mtu anayeingia jikoni kwa wenyewe, anafunua sufuria na kuongeza chumvi. Mimi siwezi kulifanya jambo hilo hata nikilazimishwa, na sielewi mtu mzima aliyelelewa vizuri analifanyaje halafu anaenda kula chakula cha mchana.

Hivyo basi, mkitaka kuendelea na ndoa hii, njooni Sironga. Njooni siku ya Jumapili, si Jumamosi, mkiwa na watu wazima wa kuzungumza, na mmoja awe anajua ng'ombe. Tutawapa chai na ugali wa wimbi. Mama mkwe atawauliza maswali, na tafadhali msimjibu kwa Kiingereza, anakijua.

Nisalimie wote hapo ofisini: yule dada wa mapokezi ambaye huniambia uko kwenye mkutano na nakusikia ukicheka, mchoraji (mwambie zile ndizi nimemsamehe), askari wa langoni, na mtu wa chai. Nisalimie pia Kapteni Povu, maana haya yote si makosa yake.

Ni mimi niliyemzaa Bitutu kwa kalamu, na sijachoka naye, ingawa kwa mambo mengine nimechoka,

Lorna Nyamoita (Mama Jethro)

N.B. Nilikuwa nikitafuta bahasha ndipo ukanipigia. Nimeelewa kwamba Kapteni Povu amebaki bila wa kumwandika, kwa kuwa mwandishi wake, Ndugu Lewis wa Nakuru, amesusa akidai naye hakuulizwa kuhusu harusi, na kwamba nikitaka nimchukue mimi. Nimemchukua. Mose ameendelea kulala, kwa hivyo toleo zima nimeshaliandika na utalipata kwa simu kabla hujapata barua hii. Harusi iendelee, hakuna shida. Nimembadilisha Kapteni kidogo tu. Haruki tena, kwa sababu mwanamume anayeruka hachumi chai. Masharubu nimeyatoa. Lile povu sasa anaoshea ng'ombe, aliokuja nao mwenyewe akiwaswaga kwa miguu kutoka huko kwao. Nimempa mama, mashangazi wanne na hofu ya bata mzinga. Anaishi hapa Sironga, anambebea mke wake kikapu siku za matope, na jina lile la Povu naona halikuwa linampeleka mahali, kwa hivyo kuanzia toleo hilo ataitwa Bwana Bitutu. Ndugu Lewis akiuliza, mjibuni kwa upole, lakini msimpe namba yangu.