Shangazi na Umbo Linalotulia

Jumatatu, 4 Machi 2002

Mvua. Umeme hakuna. Shangazi Mwantum bado yuko mezani kwangu. Yaani si yeye, ni masufuria yake na kinu chake, lakini ni mamoja. Tangu akimbie risasi za Ruziba, kusini mwa mji, chumba changu hiki cha mtaa wa Bwiza kimekuwa chake. Yeye kitandani, mimi mkekani. Namheshimu, ni dada wa marehemu baba. Ila hesabu nitaiandikia wapi, ndani ya kinu?

Na si hesabu ya duka. Kuna maumbo ambayo jicho halijapata kuyaona, yamejengwa kwa namba changamano. Umbo likiwa limebinuka huku, limebonyea kule, unaviacha vipimo vyake vitiririke. Palipopinda sana panalainika pole pole. Je, mwishowe mtiririko unatulia, au kuna mahali unalipuka? Mimi nasema unatulia. Nikithibitisha, nafasi ya kusomea udaktari wa hesabu Ubelgiji ni yangu. Ipo moja tu. Murhula naye anaitaka.

Murhula ni mwalimu mwenzangu chuo kikuu, mkimbizi kutoka Bukavu. Suti moja, adabu nyingi. Wanafunzi wanamwita Prof. Mimi wananiita wewe.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Alfajiri, hapo hapo mkekani! Nikatoka mbio hadi mkahawa wa Seifu, maana furaha haikai chumbani. Seifu akauliza kuna nini. Kwa Kifaransa ningesema vizuri sana, lakini Kiswahili cha hesabu ile sikuwa nacho. Nikasema tu: nimehakikisha, inatulia.

Mkahawa mzima ukanigeukia. Mzee mmoja akavua kofia. Fundi wa magari akauliza kama nina hakika. Nikajibu hesabu haina uongo. Akauliza lini. Nikasema muda ukienda bila kikomo. Akaguna, akasema hata wale wa mazungumzo ya amani ya Arusha walijibu hivyo hivyo. Seifu akanipa chai na sambusa za bure, akaniita Docteur. Sikujua kama watu wa Bwiza wanapenda jiometri kiasi hiki.

Alhamisi, 7 Machi

Loo. Si jiometri.

Shangazi karudi bombani anang'ara. Huko wanasema mtoto wa kaka yake, mwalimu wa université, ametazama hesabu na kuona vita vinatulia. Akaniuliza ni kweli? Nikafungua kinywa kumsahihisha. Naapa nilifungua. Lakini akawahi: “Kama inatulia, mi narudia kwangu. Mihogo inaozea mu shamba.”

Nikaiona meza yangu. Nikafunga kinywa.

Uongo sikusema. Kauliza inatulia, nimejibu inatulia. Kila mmoja na lake moyoni.

Ijumaa, 8 Machi

Baada ya sala nilimwonyesha Murhula hesabu, ili aumie. Akaisoma amesimama. Kisha, kwa adabu ile ile inayonichosha, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu. Hapo nimechukulia kwamba mpindo hauvuki kiasi fulani muda wote. Akasema: “Mon cher, we unasema kama haitalipuka, itatulia. Ata mi najua ile.”

Nikakasirika kwa sababu ni kweli.

Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli shangazi yangu anarudi Ruziba kwa hesabu hii. Akasema yeye aliambiwa Bukavu imetulia, akamrudisha mama yake, na hakumwona tena. Akasema nimwambie shangazi leo leo.

Wivu! Ubelgiji inamponyoka. Na nikikiri kosa, nani ataniita Docteur tena? Hata hivyo nilirudi nyumbani nimeazimia kusema. Shangazi alikuwa anaimba. Nikakohoa. Akanigeukia. Nikamwambia asisahau kinu.

Jumamosi, 9 Machi

Shangazi kaondoka na jirani yake wa kule Ruziba, Daphrose, aliyekimbilia kwa ndugu zake mtaa wa nyuma. Shangazi ndiye aliyempelekea habari yangu. Alinishika kichwa, akasema baba yangu angejivunia.

Meza tupu. Nimefuta mstari wa tatu, nikaurudisha, nikaufuta.

Jumanne, 12 Machi

Tangu alfajiri bunduki nzito, upande wa kusini. Kwa Seifu milango nusu. Wote wakanitazama. Fundi akauliza: “Docteur, ile yenye ulisema inatulia, iko wapi?”

Murhula alikuja bila koti, akasema anakwenda hadi kizuizi cha barabara ya Ruziba, huenda shangazi yuko kati ya wanaokimbia. Nikasema mimi nitabaki nyumbani, asije akafika akakuta mlango umefungwa. Akanitazama, akaenda.

Niliogopa.

Jumatano, 13 Machi

Murhula kamleta shangazi. Miguu mitupu, mkono wa kushoto umefungwa kwa kipande cha kitenge. Vidole viwili havipo. Nyumba imeungua. Daphrose alikuwa nyuma yake kwenye migomba, kisha hakuwa nyuma yake. Shangazi alimwita mpaka sauti ikakauka.

Nilimwosha miguu. Nililia, si kidogo. Nilingoja anilaani, Mungu shahidi, nilitaka anilaani. Yeye akasema labda hesabu imechelewa tu, kama mvua.

Murhula alikaa mlangoni mpaka usiku.

Jumamosi, 16 Machi

Nimepata!!

Murhula alisema kweli: mtiririko unaweza kulipuka. Lakini wapi? Penye nukta chache tu! Ukizitenga hizo, kwingine kote mtiririko unatulia, tena vizuri, tena kwa uzuri wa kutoa machozi! Nilimpelekea Murhula kwake. Akasoma akiwa ameketi safari hii, akasema mstari wa tatu umepona. Kisha akaniuliza kama nimemwambia mtu. Nikasema bado. Akanisihi nisimwambie mtu.

Wivu ni ugonjwa.

Shangazi alikuwa amekaa kitandani, mkono kifuani. Akaniuliza furaha hii ya nini, tangu Jumatano hakuwa ameuliza neno. Ningenyamazaje? Nikamwambia nilikosea kidogo mwanzoni, sasa nimerekebisha. Inatulia kila mahali, isipokuwa penye nukta chache.

Akauliza kama Ruziba ni mojawapo ya hizo nukta.

Hesabu yangu haina Ruziba ndani. Nimeipitia yote, jina hilo halimo. Nikamwambia hapana, haimo.

Anasema ataondoka Jumatatu, mvua ikikatika. Lazima ampate Daphrose.