Malalamiko Kuhusu Duveti Langu na Kasri Lenu

Kwa Msimamizi wa Kasri,
Kopenhageni.

Bwana Msimamizi,

Pokea salamu za heshima kutoka ng'ambo ya barabara. Mimi ni Thorvald Ravnkilde, mstaafu, mkazi wa jengo la njano linalotazamana na kasri lenu. Ningeendelea kunyamaza kama wageni wenu wasingenifanya mfalme.

Chanzo ni duveti, yaani lile blanketi langu nene la manyoya. Kila asubuhi hulitundika kwenye roshani lipigwe upepo, kama afanyavyo kila mtu wa hapa mwenye akili timamu. Kava lake ni jekundu, lenye mistari miwili myeupe iliyokatizana, kama bendera ya taifa letu. Wageni wameambiwa kuwa bendera ikipepea, mfalme mwenye kasri yupo. Majira haya ya joto mwenyewe yuko mashambani na kwenu hakuna bendera. Kwangu ipo. Basi wanakuja kwangu, na madhara yake ni haya:

1. Siku ya kwanza walinipungia mkono nikiwa na bakuli la uji wa shayiri. Nami nikawapungia, maana nimelelewa. Wakashangilia. Tangu hapo siwezi kunywa uji wangu nikiwa na singlendi.

2. Dada yangu Ragnhild, ninayeishi naye, amepoteza adabu. Nikichelewa kutoka huniita kutoka jikoni: "Mtukufu, raia zako wanakungoja. Na ukimaliza nao, ushushe takataka."

3. Nimelazimika kununua koti lenye vifungo vya dhahabu. Nasema nimelazimika. Muuzaji aliuliza kama ni la maigizo, nikamwambia ni la kuvaa nyumbani. Mzee mzima nafanya mazoezi ya kupunga mkono mbele ya kioo cha bafuni, na mkono wa kushoto bado haujashika somo.

4. Kamati ya jengo imenijadili, kwa kahawa na keki za mdalasini. Bi Vibeke wa ghorofa ya chini alisema, "Thorvald, kama lile ni duveti, sema ni duveti, yaishe. Kama ni bendera, lishushwe kabla jua halijazama kama bendera nyingine. Chagua moja, baba." Watu wote wakaacha kutafuna. Bwana Msimamizi, nilishindwa kutamka kwamba ni duveti. Sasa wametishia kuifunga roshani yangu.

Kwa hiyo naomba mweke bango lenye mshale, liwapeleke wageni kwenye roshani halali. Ikiwa hilo ni zito, nileteeni askari mmoja mwenye kofia ya manyoya asimame mlangoni kwangu. Asiwe mrefu sana, ngazi zetu zina dari fupi.

Nisalimieni askari wa zamu, wapiga ngoma, na yule anayezoa kinyesi cha farasi. Ragnhild anasema yeye hasalimii mtu.

Wako mtiifu, ingawa sijui tena nani amtii nani,
Thorvald Ravnkilde
Ghorofa ya pili

Baada ya sahihi: Kabla sijaivusha barua hii barabara, mafundi wenu wameweka bango wenyewe. Ni zuri. Jana saa sita mchana, saa ya wageni kujaa uwanjani kwenu, nilitoka na koti langu, nikakuta uwanja mzima umenipa mgongo. Niliumia, sitaficha. Mkiona leo mshale umegeukia kwangu, msiulaumu upepo. Spana ni yangu. Mkija kuurudisha, tafadhali iwe baada ya saa saba mchana.