Kiti ya Askofu mu Njia ya Beni

Lundi, tarehe 6 mwezi wa tano, 2002. Butembo

Bananionea! Naandika mu kaye hii ili siku moja batu bajue.

Mwezi muzima tangu Komanda Benoît alikamata pikipiki yangu ku baryeri, pale askari banafunga njia. Alisema anaiazima siku mbili, kwa kazi ya ulinzi. Siku mbili! Jana nilimuona anapita, bibi yake Élise nyuma, na kapu ya mboga. Ulinzi ya sombe!

Na ile ilikuwa pikipiki ya kweli. Nyembamba, nyekundu. Unalala juu ya tanki, unafungua mafuta, inalia, na mutaa yetu yote ya Bulengera inabaki nyuma yako. Mimi, Delphin, mubeba-batu na pikipiki, motari wa kwanza wa Bulengera kufika Beni kwa saa moja na nusu, sasa natembea na miguu sawa katekista.

Na siku ya misa, dimanche ijayo, bananingojea Beni! Nyumbani kwao Anne-Marie, mwalimu wa darasa ya pili, mwenye nataka kuoa. Baba yake, papa Phinées, amekubali kutupokea. Nikikosa, Abdias atafika. Abdias ni motari, ni jirani, na hakuwa na haja na Anne-Marie mpaka siku alimuona na mimi. Ule si upendo. Ni wizi.

Mardi, tarehe 7

Nimepata pikipiki. Afadhali nisingepata.

Ni ya baba mudogo Kambere, makanika wa mutaa ya Mususa. Alisema mbele ya batu: kuanzia leo ni yako, mutoto wangu. Nikashukuru. Halafu akatoa turubai.

Nyeusi. Nzito. Muzungu mmoja wa kahawa aliiacha mu miaka ya sitini, na namuelewa. Kiti ni pana, iko na ressort, spring ya chuma, chini, inaitika ukikaa. Guidon, usukani yake, imefunguka huku na huku sawa mutu anapokea mugeni. Miguu inaenda mbele, mugongo inasimama wima. Unaona kila kitu, na kila mutu anakuona.

Nikalala mbele vile nazoea. Tumbo ikagonga tanki, matako ikabaki hewani. Mama moja wa soko akauliza nimepoteza nini. Nikafungua mafuta yote. Pikipiki ikafanya *tuf*. Ikafikiri kwanza. Ikafanya *tuf* tena.

Baba mudogo alisema hapana kuilazimisha, hii ni pikipiki ya mutu amekwisha kula. Kaa, legeza mabega, weka gia ya tatu, acha yenyewe ifanye kazi. Nikamwambia mimi hapana muzee. Akasema hiyo inaonekana.

Jeudi, tarehe 9

Chukudu imenipita! Chukudu! Mbao mbili, magurudumu mbili ya mbao, magunia ine ya choux, kabichi, juu yake, na muzee wa mvi akishikilia. Kwenye muteremuko alifika kando yangu, akanisalimia polepole, akaniuliza habari ya nyumbani, akaenda. Nilikula vumbi yake.

Kona ya Mususa nikainama vile nainamaga. Hii hapana kuinama. Chuma ya kuwekea miguu ikakwaruza njia, na mimi nikaenda moja kwa moja mu maharagi ya mama Rébecca. Frein, breki, nilikanyaga, haki ya Mungu. Lakini frein ya hii kitu unaiomba mapema, sawa ruhusa ya préfet wa shule. Mama Rébecca alisema mambo mingi. Sitaiandika.

Abdias aliona yote, amekaa juu ya pikipiki yake ya bleu, ya mbio, ya kulia. Ameita yangu "kiti ya askofu". Kufika magaribi Bulengera yote ilikuwa inapiga magoti nikipita na kuomba baraka. Hata banywaji wa kasiksi! Hata muprotestanti moja!

Samedi, tarehe 11

Akili ni mali yangu. Nilifungua guidon, nikaigeuza chini juu. Sasa nalala mbele sawa zamani! Nikaingia soko na kichwa chini, kifua juu ya tanki, sawa mutu wa mbio.

Kona ya kwanza, guidon ikakamata goti yangu. Goti ikakamata honi. Sikuweza kugeuka, sikuweza kunyamazisha. Nilivuka soko muzima na honi inalia, nikasimama mu kibanda ya samaki makayabo.

Baba mudogo ameirudisha vile ilikuwa. Akapangusa honi na kitambaa, akaenda kula. Ni matusi mubaya kabisa, kula vile.

Kesho anakuja na mimi, nyuma. Ni lazima. Kwetu mutu hajiombei bibi yeye mwenyewe: muzee anasema, kijana ananyamaza mpaka mwisho. Mimi ninyamaze! Mimi mwenye najua kusema vizuri!

Dimanche, tarehe 12. Beni

Tumetoka saa kumi na mbili ya asubui. Tumefika saa tisa. Kilometre makumi tano na ine! Niandike vile ilikuwa.

Ukiwa mbio, hakuna mutu anakusalimia, na wewe husalimii mutu, na bote bako na amani. Lakini polepole hivi, na umekaa juu sawa picha, kupita bila kusalimia ni kutukana mutu na ukoo yake. Baba mudogo alisalimia bote. Wavukire hapa, wavukire pale. Habari ya mbuzi, habari ya mugongo, ule mutoto alipona? Maboya tulisimama ku batizo ya mutoto wa batu hatujui! Baada ya Maboya tulikuwa tunajua.

Ku baryeri, askari moja, Jordy, mutu wa Kinshasa, alizunguka pikipiki mara mbili. Nikashika roho. Akacheka mpaka akakaa chini, akatuambia tupite, hii hata koko yake, mama ya mama yake, hawezi kuikamata. Nilikasirika sana. Pikipiki yangu iko na kasoro gani? Ikamatwe sawa zingine!

Na zawadi! Kila mwenye alisalimiwa alipoambiwa safari ni ya nini, alileta kitu. Kuku. Mukungu ya ndizi. Choux tatu. Kibuyu ya kasiksi kati ya magoti yangu. Kufika kijiji ya Kabasha nilikuwa soko yenye kutembea.

Nyumba ya papa Phinées iko mwanzo wa Beni, mu kahawa. Balisikia *tuf, tuf* toka mbali, na bote balikuwa bameshuka ku njia. Bamama balipiga vigelegele. Hata mama ya Phinées, koko Vagheni. Alikimbia vita ya Eringeti, na tangu afike hapa hatoki nje, hata kwa misa. Alitoka! Akapapasa kiti, akakaa juu yake, ressort ikaitika, akacheka. Anne-Marie aliniambia polepole kwamba ni mara ya kwanza anamusikia anacheka mu hii nyumba. Alikuwa na machozi. Nikamupa choux moja.

Baba mudogo alisema vizuri, nakubali. Papa Phinées akajibu: dimanche ijayo mukuje na mbuzi ya kwanza, na jamaa yote itakuwa hapa kusikia Anne-Marie akitoa jibu. Akaongeza tukuje vile vile, polepole.

Nimefikiri nini kilibapendeza. Ni shati yangu.

Mercredi, tarehe 15. Butembo

Abdias ni mujinga!

Amekuja yeye mwenyewe, amekwisha kusikia habari ya vigelegele ya Beni. Anataka tubadilishane: yake ya bleu, ya mbio, kwa kiti ya askofu. Hakuna nyongeza. Nilijifanya nafikiri. Nilikohoa. Nikaweka signature mbele ya Paulin wa duka, haraka, kabla akili imurudilie.

Jioni nikamwambia baba mudogo. Akaweka kifunguo yake ya makanika chini. Akauliza papa Phinées alisema tukuje namna gani. Nikamwambia papa Phinées alisema vile sababu hajaniona bado mimi mwenyewe, mimi wa mbio. Akajibu kwamba mugongo yake haiwezi kupanda ile kitu, na mudomo yake haitembei bila mugongo.

Basi abaki! Mbuzi itakaa pahali pake.

Dimanche, tarehe 19. Beni

Dakika makumi tano na munane!!

Niandike tena: makumi tano na munane, na matope, na mbuzi mu kapu nyuma. Nimelala juu ya tanki, inalia mpaka meno inatetemeka. Hakuna salamu, hakuna batizo, hakuna choux. Ku baryeri Jordy alipiga filimbi. Komanda moja amekwisha kunikamatia pikipiki, wa pili hapana! Nikafungua mafuta yote. Akapiga risasi moja hewani. Nikaendelea. Ilibaki kona mbili kufika.

Nimefika. Hakuna mutu.

Hakuna! Viti makumi mbili bamepanga mu kiwanja, na koti juu ya moja. Sombe iko ku moto, inachemka. Kiatu moja ya mwanaume mu mulango. Niliita. Niliita tena. Nilikaa ku kiti ya mbele. Wakwe gani hii? Mutu anatoka Butembo na mbuzi na benyewe banaenda kutembea! Nikafungua mbuzi ipumue. Ikaangalia pikipiki, ikakimbia mu kahawa. Hata yeye!

Nikapakua sombe kidogo, kwa hasira.

Kisha nikasikia *tuf*. Ku njia. *Tuf.* Abdias, mugongo wima, mabega bamelegea, anaendesha vizuri kuliko mimi, na ile iliniuma. Na nyuma yake nani? Baba mudogo Kambere! Balitoka Butembo jana, balilala Maboya. Baba mudogo aliomba lift kwa adui yangu ili afike kuniombea bibi. Nishukuru ama nilie, sijui mpaka sasa.

Alianza kusalimia toka mbali, kwa sauti, wasibire, wasibire, ni sisi. Na miti ya kahawa ikafunguka. Mutu moja. Bamama wawili. Papa Phinées na kiatu moja. Jamaa yote, majani mu nywele. Anne-Marie alikuja mwisho, kitenge mupya imepasuka mpaka goti, anaishikilia na mukono.

Balikuwa bamesikia risasi, na mashini inalia inakuja mbio. Mu hii inchi mwenye anasikia vile hangojei kuuliza ni nani.

Koko Vagheni hakuwa kati yao. Alikimbia mbali kuliko bote.

Baba mudogo alivua kofia, akaanza kuniombea musamaha, polepole, na maneno ya wazee, na papa Phinées alikuwa anamusikiliza. Lakini hakuna mutu alikuwa amesema jambo la maana! Nikasimama. Nikasema: lakini, dakika makumi tano na munane!

Hakuna aliyepiga mukono.

Anne-Marie hakunitukana. Aliniambia anajua roho yangu si mubaya. Akasema koko yake amekimbia mara ine mu hii vita, na leo ni mara ya tano, na ya tano ni mimi. Halafu akapanda nyuma ya Abdias, bakaenda kumutafuta.

Balirudi baada ya saa mbili. Koko alikuwa amekaa juu ya kiti pana peke yake, mashini imezimwa, mikono yake yote mbili ku guidon. Abdias anasukuma huku, Anne-Marie huku. Hakucheka. Hakuniangalia. Papa Phinées akasema leo hakuna jibu kwa mutu yeyote, nyumba ikae kwanza.

Lundi, tarehe 20. Butembo

Nimerudi peke yangu, na njia ya nyuma, sababu ya Jordy. Baba mudogo alirudi na *bao*, Abdias na kiti ya askofu.

Anne-Marie ametuma neno: jibu atatoa yeye mwenyewe, kahawa ikikwisha kuvunwa. Abdias anaruhusiwa kupita kusalimia koko. Mimi pia naruhusiwa. Na miguu!

Na miguu! Mimi! Kosa yangu ni nini? Nilichelewa? Nilisahau mbuzi? Abdias alikuja mikono mitupu na bakamupa maji ya kunawa!

Nimefikiri asubui yote, na nimepata. Batu hawa hawakunikimbia mimi. Balikimbia mutu hawamujui. Basi shida yote ni kwamba hawakujua mapema ni Delphin anakuja. Nimeazima musumeno ya chuma kwa Paulin. Leo natoa silencieux, ile chupa ya kupunguza sauti, naikata yote, na dimanche nitaingia Beni bila hiyo. Nikiwa Kabasha tu, mbali bado, banisikie bajue ni mimi.