Wifi Ndani ya Mashine

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kaja. Dada wa mume wangu, yule wa kompyuta za ofisi ya maji. Kapiga hodi ya mtu mwenye jambo lake. Mkononi kasha. Ndani ya kasha, kompyuta. Si kompyuta ya watu, ni kidubwana tu, unakifunika kwa kiganja. Eti zawadi yangu.

Zawadi! Tangu niolewe na kaka yake huyu mwanamke hajanipa hata sindano, nami ni fundi cherehani.

Mume wangu ndiye aliyenieleza, huku akichekacheka kama mtu aliyekwisha pangwa. Kisukari changu hiki cha tangu usichana. Pampu ya insulini hii hapa kiunoni. Kihisi hiki hapa mkononi, kinachosoma sukari. Vyote ninavyo, ila havisemeshani. Kidubwana kitakaa katikati: kitasoma sukari kwenye kihisi, kitapiga hesabu, kisha kitaiambia pampu iongeze dawa au ipunguze. Wagonjwa wenyewe ndio wamejiundia, na maelekezo wanagawiana bure. Wifi anayasoma tangu siku ile nilipoanguka sokoni.

Bure! Neno hilo lilitosha kunifumbua macho.

Nikauliza, kwa upole kabisa, hizo namba za sukari yangu ataziona nani. Wifi akajibu bila haya: zitaingia kwenye simu yake, ili sukari ikishuka anipigie.

Aha. Kumbe. Kila andazi nitakalomeza litapiga ripoti kwa wifi kabla halijafika tumboni.

Nikasema asante sana, wifi. Akasema usijali, wifi. Mimi wifi, yeye wifi. Asiyetujua angedhani tunapendana.


Jumanne, 4 Machi

Kazi imeanza. Wifi kaivamia meza yangu ya kukatia nguo. Waya huku, betri kule, kadi ya kumbukumbu ndogo kama ukucha. Kitambaa cha gauni la karani wa benki kimesukumwa pembeni kama yatima.

Swali lake la kwanza: eti wifi yetu ina nguvu?

Nikamjibu kwamba wifi yetu ina nguvu kupita kiasi, inaingia mpaka jikoni bila kubisha hodi. Mume wangu akakohoa. Wifi akasema yeye anaulizia mtandao. Nikasema hata mimi naulizia mtandao.

Kikioo cha mashine kikawaka. Maandishi ya kwanza: INATAFUTA WIFI. Nusura nidondoke kitini! Hata dakika haijapita, mashine yangu inamtafuta yeye. Kisha: WIFI IMEPATIKANA. Kisha: WIFI IMEUNGANISHWA. Wote wawili wakafurahi na kupigana viganja. Mimi nikakusanya pini zangu. Mambo yameandikwa waziwazi na bado wanataka nishangilie.

Nimeshinda jambo moja. Nimekataa neno "sukari" lisitokee kwenye ujumbe. Mtu akichungulia simu asijue siri zangu. Wifi akasema ujumbe usioeleweka hauna faida. Nikakaza uzi. Akainua mikono. Kwa hiyo ujumbe utasema tu: "Duka la nguo, nyumba ya kona: 5.4, inapanda." Au inashuka, kama inashuka (chini ya nne, hatari). Safi! Nani atang'amua?

Kasema wiki ya kwanza kidubwana kitasoma na kushauri tu, pampu hakitaigusa. Kinatuzoea. Ndivyo wapelelezi wote wanavyoanza.


Jumatano, 5 Machi

Wifi kasafiri kikazi hadi Jumatatu. Kabla ya kuondoka kaniusia mara mbili: mashine ikae mahali pa wazi, nisiguse kitu. Mtu akikukataza kugusa, ujue kuna kitu.

Nimeitia ndani ya bati la biskuti, chini ya vifungo, nikafunga mfuniko barabara. Sasa ipeleleze vifungo.

Haikupita saa, simu. Wifi! Anauliza nimeiweka wapi mashine. Nikasema mahali pazuri. Akauliza, kwani umeitia kwenye bati?

Nilikaa chini. Yuko mji mwingine kabisa! Kajuaje bati?

Mume wangu aliporudi kutoka kazini, kwenye mashine ya kusaga nafaka, akafungua mfuniko na kunieleza, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba bati huzuia mawimbi, na kwamba mawasiliano yakikatika ghafla dada yake anaona. Kwenye kikioo imeandikwa: WIFI IMEPOTEA. Nikasema natamani. Hakucheka. Siku hizi hacheki kama zamani. Tangu kule sokoni ananitazama kama glasi iliyowekwa ukingoni mwa meza.


Alhamisi, 6 Machi

Mpango kabambe.

Nimempikia mume wangu chai nzito. Katika kunywa, nikamuuliza neno la siri la mashine, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Akalitoa papo hapo. Mwanamume huyu asipewe siri ya nchi!

Neno la siri ni tarehe yangu ya kuzaliwa. Wifi kaichagua mwenyewe. Sasa nijiulize: mama yangu mzazi huisahau hiyo tarehe, yeye kaikariri kwa nini? Mtu hukariri mambo ya adui yake.

Nikafungua ukurasa wa mipangilio kwa simu. Mikono yangu hii! Nikafuta namba ya wifi. Ah, raha! Namba ya mume wangu nayo nikaifuta, maana hata akiipata habari, kule kwenye mashine ya kusaga hasikii hata radi. Nikaweka namba yangu, ile laini ya wateja. Nimeiandika kutoka kichwani tu. Namba yangu mwenyewe nitaikosea vipi?

Tangu leo sukari yangu inaripoti kwangu. Nimejisikia kama mkurugenzi.


Ijumaa, 7 Machi

Hakuna ujumbe. Asubuhi hakuna. Mchana hakuna. Nimezima na kuwasha simu mpaka kitufe kimelegea.

Kidubwana kinawaka taa ya kijani, maana yake kinatuma. Kinatuma wapi? Jibu ni moja. Wifi kaweka mtego ndani, ujumbe unapinda njia kwenda kwake. Halafu ana ujasiri wa kunipigia kuniuliza eti mbona haoni namba! Mwigizaji huyu. Nikasema labda mtandao. Akasema atarudi mapema akiweza. Wasiwasi kwenye sauti yake ulikuwa wa hali ya juu. Karibu nimwamini.

Jambo la pili. Muuza mbao wa barabara ya nyuma, yule mwenye penseli sikioni, kapita mbele ya duka mara tatu. Kila akipita anasimama na kuitazama nyumba. Anatazama paa. Anatazama ukuta. Anatikisa kichwa na kuandika kitu kwenye kiganja. Nilipotoka nikamkata jicho, akanisalimu kwa heshima, "Shikamoo, mama," na kuniambia kazi inaendelea vizuri.

Kazi gani? Ya nani? Sina kazi yoyote na huyu mtu!

Wifi kaongeza jeshi.


Jumamosi, 8 Machi

Leo mwandiko mbaya, nisamehewe.

Mchana nilijipimia dawa ya chakula, pampu ikatoa. Kabla sijatia tonge mdomoni, karani wa benki akaingia. Anataka gauni lake. Mkono wa kushoto mrefu kuliko wa kulia. Nikamwambia ni mikono yake. Tukabishana. Akakasirika, akaondoka, eti atalifuata kesho. Nikakaa kurekebisha kwa hasira, na chakula nikakisahau jikoni.

Kengele ya kihisi, ile inayolia sukari ikishuka, niliizima toka juzi, inapiga kelele mbele ya wateja. Wifi naye akawa ananipigia, simu ikaita na kuita. Nikaiacha ilie.

Baadaye nikawa natokwa jasho. Nikasema joto. Sindano ikawa inanikimbia. Nikasema uchovu. Nikaona nimeshona mkono wa gauni la karani kwenye mkono wa blauzi yangu mwenyewe, niliyoivaa. Nikadhani kuna mtu kanichezea.

Hapo muuza mbao akatokea mlangoni na mkokoteni. Mbao tele, zimefungwa kamba.

Akasema, "Mama, mzigo wako huu."

Nikamwambia sijaagiza mbao. Ulimi mzito kama gunia.

"Umeagiza, mama. Toka juzi unaniletea vipimo. Tano nukta nne inapanda, saba nukta moja inapanda, sita inashuka. Nikajua hii ni ngazi. Nimekata zote. Ila nyumba yako haina ghorofa, mama, ndiyo maana nikawa napita kutazama, nikisema labda mnajenga." Akatoa simu. "Na hizi za leo zimenishinda. Tatu nukta mbili inashuka. Mbili nukta tisa inashuka. Ngazi gani ina kipandio kifupi hivi? Hata mtoto atajikwaa."

Nilimsikia kama anaongea kutoka chini ya kisima. Nikawaza: jasusi. Nikamwambia, "Umetumwa na wifi!"

Simu yake ikalia mkononi. Akaisoma kwa sauti.

"Mbili nukta nne. Inashuka. Mama, sasa hii si mbao tena, hii ni kijiti."

Mbili nukta nne! Hapo ndipo akili yangu, sijui ilikuwa imebaki wapi, ikashtuka. Hiyo si mbao. Hiyo ni mimi.

Nikataka kusema sukari. Midomo ikasema, "Suka. Suka." Nikaonyesha kwa kidole duka la jirani. Sijui alielewa nini, lakini aliona uso wangu, akatupa simu juu ya mbao na kutimua mbio. Nikateleza kutoka kitini, gauni la karani likanifuata.

Akarudi na soda ameifungua kwa meno. Akanishikia chupa kama anavyonyweshwa mtoto. Akawa anasema pole mama, pole mama, kunywa mama. Nikanywa. Nyingine nikajimwagia. Simu yake ikalia tena kule kwenye mbao: mbili nukta tisa, inapanda. Kisha tatu nukta sita, inapanda. Muuza mbao akaketi sakafuni na kufuta macho kwa kofia. Alisema hajawahi kufurahia vipimo namna ile.

Mume wangu, aliyeitwa na jirani, kaja akikimbia, unga mwili mzima. Alinishika tu mpaka na mimi nikawa mweupe.


Jumapili, 9 Machi

Wifi, baada ya kaka yake kumpigia, kasafiri usiku kucha, kafika asubuhi na macho mekundu, begi hata hajalifikisha kwake. Kaitazama ile namba kwenye mipangilio. Tarakimu mbili za mwisho nimezipindua: nilianza na saba badala ya moja. Laini ya muuza mbao.

Nilingoja anifokee. Nilikuwa nimeandaa majibu mazuri sana. Badala yake akakaa kwenye kigoda changu, akakumbatia mbao moja ya ngazi, na kuanza kucheka. Kicheko kikageuka kikawa kilio. Akasema, "Wifi, mimi kaka yangu ninamjua. Ukiondoka wewe, hatabaki mtu pale." Kisha akasema yeye mwenyewe pia hatabaki mzima.

Nikamchemshia chai. Nilimtilia sukari vijiko viwili bila kuuliza, kumbe najua anavyokunywa.


Jumatatu, 17 Machi

Kidubwana kimeruhusiwa kugusa pampu. Sitaki kukisifu. Lakini nimeamka na sukari sita kamili, na jana hivyo hivyo. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoamka bila kujipapasa kwanza kama nipo. Mume wangu naye kalala hadi anakoroma. Mkoromo mbaya. Nimeusikiliza kwa raha.

Karani wa benki kachukua gauni. Kasema mikono sasa iko sawa. Iko sawa kwa sababu nimeikata yote.


Alhamisi, 20 Machi

Nimefikiri kwa utulivu, na mambo yamejidhihirisha.

Wifi kairudisha namba yake. Sawa. Ya mume wangu nayo kairudisha, sawa. Lakini kaongeza ya muuza mbao! Eti yuko karibu, ana mbio, na ni mtu wa kuaminika. Tena mwenyewe ndiye aliyeomba. Sasa kila asubuhi anapita na kuniambia, "Mama, leo uko tano nukta tisa, hongera," mbele ya wateja! Jana nimewaona yeye na wifi wakizungumza kwenye kona, na wanacheka. Kilio cha Jumapili, soda, machozi ya kofia. Kila kitu kimepangika mno. Mimi si mtoto.

Nimechukua hatua. Nimefungua mipangilio na kufuta namba zote tatu. Nimeweka moja tu, ya fundi bomba wa mtaa wa pili. Mtu mkimya, haulizi maswali, namba yangu anayo, wifi hamfahamu. Namba yake nimeiandika kutoka kichwani tu, naikumbuka vizuri mno.

Nikamtumia salamu ya kumjaribu kwa namba hiyo hiyo. Saa nzima imepita. Kimya. Sasa hivi ndipo jibu linapoingia: "Wewe nani?"

Tayari wamemfikia.