Neno "Niko" Lina Kasoro

Jumatatu, 9 Juni
Mzee Sumari anahamia Dodoma kwa mwanawe. Kiti cha mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Moshono kiko wazi! Tunaokitaka ni wawili: mimi na Elihuruma, muuza vipuri, Mmachame mwenye sala ndefu. Kura Alhamisi, baada ya somo. Somo lenyewe ni Kutoka, sura ya tatu: Musa anauliza jina la Mungu, anajibiwa, "MIMI NIKO AMBAYE NIKO." Atakayelifafanua vizuri, kura zake. Kiswahili kidato cha nne nilipata B. Elihuruma hajui hata ngeli. Kazi kwisha.

Jumatano, 11 Juni
Nimegundua kasoro. "Niko" linadai mahali. Niko shambani. Niko Ngaramtoni. Mungu wa milele hafungwi na mahali! Ilipaswa kuandikwa "Ndimi". Miaka yote hii hakuna aliyeona. Nimemweleza mke wangu Ruth akimenya ndizi. Akauliza, kwa hiyo Mungu hayuko? Nikamwambia asubiri Alhamisi.

Elihuruma nimemtega pia. Nimemtumia swali kwenye simu: kabla ya kuumba chochote, Mungu alikuwa wapi? Ahangaike nalo, asijiandae. Amejibu kwamba limemnyima usingizi. Safi!

Alhamisi, 12 Juni
Nilichelewa kidogo. Shati lilikataa kunyooka. Mwalimu Magreth, mwenyeji wetu, akapiga simu. Nikamwambia shikamoo, niko njiani, niko hapa dukani kwa Mrombo. Pasi mkononi.

Nikafika, nikamwaga hoja. "Niko" ni neno la mahali, na Mungu haulizwi yuko wapi! Ushindi! Ndipo Elihuruma akasimama, na ule upole wake wa kuudhi. Akashukuru sana, maana kuna ndugu alimtumia swali, eti Mungu alikuwa wapi, naye akakosa jibu. Akaniomba nimsaidie kumwonya ndugu huyo. Ruth akakohoa.

Mwalimu Magreth hakunionea huruma. "Baba Hope, nilipokupigia mimi mwenyewe nilikuwa dukani kwa Mrombo, nimekimbilia sukari. Sikukuona! Sisi tukisema 'niko', hatuko. Mungu akisema 'Niko', yuko. Kabla ya mlima huu hapo nje yuko, na ukiisha yuko. Ndilo jina lake hilo."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mikono ikanyooshwa. Elihuruma! Mkono mmoja ulikuwa wa Ruth. Anadai alikuwa anafukuza nzi.

Jumapili, 15 Juni
Elihuruma alinishika mkono nje ya kanisa. Anaomba nifungue somo lijalo, eti nina jicho kali. Ananiogopa! Ni Zaburi ya tisini, sala ya Musa: "Tangu milele hata milele ndiwe Mungu." Nimesoma mara moja tu, nikaona. Milele ina "tangu"? Ina "hata"? Kisicho na mwanzo kinaanzia wapi? Nimemwambia Ruth asizoee mno uongozi huu mpya. Musa mwenyewe kateleza, na Alhamisi simwachi.