Pikipiki ya Shemeji Haitashinda

Jumatatu, 12 Februari

Nimetukanwa hadharani! Mkahawani, mbele ya watu wazima. Shemeji Wendell, kaka wa mke wangu, kasema Kodar, pikipiki yangu ya theluji, ni ng'ombe aliyevalishwa skii. Ng'ombe! Miaka kumi na minane naipanda Kodar kwenye theluji ya milima hii, na haijaniaibisha ila mara tano. Sita. Yeye na Wolverton yake, kiroboto mwenye kelele!

Ingrid Sorley alikuwepo, mkuu wa kikosi cha uokoaji milimani. Kachoka kutusikiliza. Kikosi kinanunua pikipiki mbili mpya za theluji, na hawajaamua ni za kampuni gani. Basi, akasema, tukaonyeshane Jumamosi, Mlima Hatchet. Itakayowafaa ndiyo hiyo.

Kikosi kizima juu ya Kodar! Wendell atahama mji.

Jumanne, 13 Februari

Nimezilinganisha bila upendeleo wowote. Kodar: injini ya kutisha, hupanda mteremko wima kwenye theluji laini. Wolverton: nyepesi, hugeuka kirahisi kati ya miti. Nani anataka kugeuka? Mwanamume huenda mbele.

Nikamsomea Noreen. Mke wangu akauliza, ni kweli yangu inazidi ya kaka yake kwa kilo ishirini na sita? Nikamjibu huo ni uzito wa heshima. Akacheka mpaka akakaa chini. Damu nzito kuliko maji. Nilitarajia nini?

Alhamisi, 15 Februari

Mpango umekamilika. Ubaya ni uzito? Dawa ni kupunguza! Nimeng'oa kioo cha mbele, begi la vifaa, koleo, mkanda wa akiba wa injini, na nusu ya sponji ya kiti. Kilo kumi na tisa!

Kisha nikampigia Wendell. Kwa sauti ya upole, kama padri, nikamshauri ajaze tangi pomoni na abebe galoni moja zaidi. Usalama kwanza. Akanishukuru! Akasema kumbe shemeji una roho nzuri. Mjinga. Atapanda mlima kama gari la mafuta.

Jumamosi, 17 Februari

 

Kupanda nilimshinda. Naandika hili kwanza ili historia isipotoshwe. Nilimwacha mbali, nikavuka mgongo wa mlima ili nitokeze upande wa pili kwa mbwembwe. Pa! Mkanda wa injini ukakatika. Kodar ikateleza bondeni, ikazama katikati ya misonobari. Nikashuka. Nikazama hadi kifuani.

Mkanda wa akiba, nyumbani. Koleo, nyumbani. Nilichimba kwa helmeti saa nzima. Mara theluji iliyo juu yangu ikatoa sauti, kama mtu anayeshusha pumzi, na ufa ukakimbia kukata mteremko. Nikamwita Noreen. Sijui kwa nini yeye. Alikuwa kilomita arobaini kutoka pale.

Aliyekuja ni Wendell. Alipenya mti kwa mti na kiroboto wake. Alishapita mabonde manne akinitafuta, na mafuta yalikuwa bado tele. Uso mweupe kama karatasi.

"Koleo lako liko wapi, Murdo?"

Murdo. Si shemeji.

Nikasema nimelisahau.

"Na mkanda wa akiba?"

Nikaendelea kuchimba kwa helmeti.

"Panda hapa. Sasa hivi!"

Tulikuwa tumefika chini mteremko wote ulipoporomoka. Kodar yangu imezikwa humo. Wendell anadai nilimkumbatia kiunoni mpaka mbavu zikalia. Uongo mtupu! Nilikuwa nimeshikilia koti.

Jumatatu, 19 Februari

Uamuzi umetoka. Wolverton mbili. Kashfa! Nimekwenda kwa Ingrid kukata rufaa. Nikamkumbusha nani alitangulia kileleni. Akajibu kwamba aliyetangulia ndiye waliyelazimika kumtafuta. Nikasema mkanda hukatika hata kwenye Wolverton. Akakubali, ila mwenye Wolverton alikuwa na mwingine begini. Hoja dhaifu kabisa.

Halafu, bila haya, akaniomba nijitolee. Kila Jumamosi kikosi kinafanya mazoezi na kinahitaji mtu wa kupotea milimani ili atafutwe. Eti nina kipaji. Niliporudi nyumbani kusimulia, Noreen akajificha nyuma ya taulo la jikoni akicheka. Wendell, aliyekuwa anakula pai yangu, akasema, "Kubali, shemeji. Wengine itabidi wafundishwe kupotea."

Nimekubali! Wacha wacheke. Ramani iko mezani, kalamu nyekundu mkononi. Nimekwisha kulipata korongo lenyewe. Jumamosi nitajificha pale ambapo Wolverton haiwezi kufika kamwe. Tuone sasa watanipataje!